Wasomaji Wanauliza: Binti Anataka Kukimbia, Tumsaidieje?

Barua za safari hii zimetoka Arusha na Moshi, na zote zinazunguka jambo moja: wasichana wa shule wanaopenda riadha, na watu wanaotaka kuwashika mkono. Majibu yetu hayalingani urefu kwa sababu shida zenyewe hazilingani uzito.

SWALI: Habari za kazi. Sisi ni vijana tisa wa Ngarenaro, Arusha. Tunataka kujitolea kwa wasichana wanaokimbia katika shule mbili za kata yetu. Tumechangishana fedha kidogo na tumepanga bonanza la Jumamosi moja, tugawe fulana na medali. Tuanzie wapi?

JIBU: Ahirisheni bonanza. Fulana itavaliwa Jumamosi, na Jumatatu yule msichana atayakuta yaleyale aliyoyaacha Ijumaa: hajatia kitu tumboni tangu chai ya asubuhi, hana nguo ya ndani ya kumstiri akikimbia, mazoezi yanaisha giza likiingia, na nyumbani madumu ya maji yanamsubiri yeye, si kaka yake. Hakuna msichana anayeacha riadha kwa kukosa medali. Wanaacha kwa hayo, tena kimyakimya, mara nyingi wakishavunja ungo. Fedha yenu ianzie hapo.

Wiki ya kwanza msikanyage uwanja. Nendeni kwa mkuu wa kila shule na barua ya ukurasa mmoja yenye majina yenu, namba za simu, nakala za vitambulisho vya NIDA, siku na saa mnazoomba, na ombi la mwalimu wa kike wa kufanya naye kazi. Nakala moja ipelekeni kwa mtendaji wa kata, nyingine kwa afisa michezo wa jiji. Msione hiyo ni kupoteza muda. Njia ya mtoto kwenda kwenye mashindano ya taifa ya shule, yaani UMITASHUMTA akiwa shule ya msingi, au UMISSETA akiwa sekondari, inaanzia kwenye timu ya shule yake. Mkimfundisha pembeni bila shule kujua, hata awe na mbio kama swala, mchujo utampita.

Kisha nunueni kaunta buku. Kila msichana aandikwe jina, tarehe ya kuzaliwa, simu ya mzazi, ugonjwa wowote alio nao (pumu, selimundu, kifafa, mzio wa karanga), na njia anayorudia nyumbani. Safu hiyo ya mwisho ndiyo watu huisahau, na ndiyo itakayowasaidia kuliko zote. Mkishajua nani anaelekea Unga Limited, nani Levolosi na nani Kaloleni, wapangeni warudi kwa makundi ya njia moja, na mmoja wenu wa kike awasindikize mpaka mlango wa mwisho. Arusha jua huzama karibu saa 12:30 jioni, likipishana dakika chache tu mwaka mzima. Mazoezi yakianza saa 10:00 yakaisha saa 11:15, kila mtoto anafika kwao kungali mchana na anawahi kusaidia kazi za jioni. Mkianza saa 11:00 mtapoteza nusu ya wasichana ndani ya mwezi, na wazazi watakuwa na haki.

Sasa uji. Mtoto akizimia uwanjani saa 10:30, watu husema ni jua. Ulizeni amekula nini na saa ngapi. Kwa wasichana 20 pikeni lita 6, kila mmoja apate kikombe cha mililita 300: gramu 600 za unga wa ulezi, gramu 300 za karanga za kusaga, sukari kiasi cha robo kilo. Vurugeni unga kwanza kwa maji ya baridi usitoe mabonge, acheni uji uchemke dakika 15, karanga zitiwe mwishoni. Wenye mzio watengewe chao kabla karanga hazijaingia, na mwiko wao uwe mbali. Karanga zichaguliwe moja moja. Yenye ukungu, iliyosinyaa au yenye uchungu itupwe, kwa sababu sumukuvu, yaani sumu ya ukungu, haiishi kwa kupikwa. Wapeni uji saa 9:00 alasiri, saa moja kabla ya kukimbia. Wengi huupika wa kunywa baada ya mazoezi, na hapo ndipo wanapokosea. Maji ya kunywa wekeni ndoo ya lita 20 yenye koki, kila mtoto na kikombe chake.

Mazoezi yenyewe yawe siku mbili kwa wiki kwa kuanzia, Jumanne na Alhamisi. Msiwapigishe mizunguko 10 ya uwanja kama adhabu ya kuchelewa namba. Jumanne: dakika 10 za kukimbia polepole, dakika 10 za kuruka kamba, kupandisha magoti na kuruka kisha kutua kwa magoti yaliyokunjwa kidogo, halafu mbio 6 za mita 60, kila mmoja akirudi kwa kutembea. Anayeanza kuyumba mabega asiongezwe nyingine. Alhamisi wakimbie dakika 15 hadi 20 kwa mwendo ambao mtu anaweza kuzungumza sentensi nzima bila kukatika pumzi. Baada ya wiki tatu ongezeni kitu kimoja tu, ama idadi ama urefu, visiwe vyote viwili. Mkiharakisha, kitakachokuja ni maumivu ya ugoko. Yakiwa yametawanyika kwenye mfupa wote, mtoto apumzike mpaka yaishe. Yakiwa mahali pamoja panapoonyeshwa kwa ncha ya kidole, na yanauma hata usiku, huo huenda ni ufa kwenye mfupa, na mtoto aende hospitali.

Mko tisa: gawaneni zamu za watu watatu, mmoja wa uji, mmoja wa uwanja, mmoja wa kusindikiza. Zamu ndizo zitakazowafikisha Desemba. Vikundi vingi hufa mwezi wa tatu kwa sababu watu wawili walibeba kila kitu wakachoka, masika yakanyesha, uwanja ukawa tope. Siku za mvua ombeni darasa: kamba za kuruka na mazoezi ya tumbo na mgongo yanatosha.

SWALI: Wahariri, binti yangu ana miaka 14 na anakimbia mita 800. Akiwa kwenye siku zake haendi mazoezini, anaogopa kuchafuka mbele ya wavulana. Pedi za dukani siziwezi kila mwezi. Tena nasikia kukimbia siku hizo kunadhuru. Mama wa Pasua, Moshi.

JIBU: Mama, kukimbia siku za hedhi hakudhuru. Wengine mazoezi mepesi huwapunguzia hata maumivu ya tumbo. Anayeumwa sana siku ya kwanza apumzike, arudi akijisikia, na asiulizwe sababu mbele ya wenzake.

Hofu ya kuchafuka inatibika kwa nguo. Mpe chupi inayobana vizuri, pedi, juu yake taiti nyeusi ya kufika katikati ya paja, ndipo kaptula au sketi ya michezo. Taiti huishika pedi isihame, na kuhama kwa pedi ndiko kunakochafua mkimbiaji, kuliko hata wingi wa damu. Taiti na sidiria za michezo zipo kwenye mitumba ya Memorial na Kiboriloni. Sidiria ijaribiwe kwa kuruka mara kumi. Mkanda wa chini ukipanda juu, ni kubwa. Ukiacha alama nyekundu au ukibana pumzi, ni ndogo. Ivute kwa vidole viwili pia: isiporudi yenyewe, mpira wake umekufa.

Pedi za kufua zinalipa ukiwa nazo 6. Zikiwa 3 zitakuangusha, hasa Juni na Julai Moshi na Arusha zinapokuwa na mawingu na baridi, pedi moja ikachukua siku mbili kukauka. Ziloweke kwenye maji ya baridi kwanza. Maji ya moto hugandisha damu kwenye kitambaa na doa halitoki tena. Kisha sabuni, suuza mpaka maji yatoke meupe, anika juani. Wasichana wengi huzificha chini ya godoro kwa aibu, zikabaki na unyevu, ndipo huja muwasho na harufu. Kama kamba ya nguo iko mbele ya watu, tandaza kanga nyepesi juu yake, jua litapita. Na kwenye begi la shule abebe mbili safi ndani ya mfuko wake, na mfuko mwingine wa kuwekea iliyotumika.

Mwangalie kwa mambo haya: damu ikiloanisha pedi kila saa moja au mbili, ikizidi siku 7, au hedhi ikikatika miezi mitatu mfululizo, mpeleke kituo cha afya. Msichana aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo naye apimwe. Ikikatika, usianze na kumtuhumu mimba. Apimwe, ndiyo, lakini kwa mkimbiaji sababu inaweza kuwa chakula: anatumia nguvu kuliko anayokula, na mwili unafunga milango. Aongezewe sahani. Maharage, dagaa, mchicha, mtori wenye nyama ukipatikana, na chungwa au kipande cha papai baada ya mlo. Chai isubiri saa moja baada ya kula, maana huzuia mwili kuchukua madini ya chuma, na msichana anayetoka damu kila mwezi anayahitaji kuliko kaka yake.

SWALI: Mimi ni baba, naishi Kisongo. Vijana wamekuja mara mbili kuniomba binti yangu wa darasa la sita aende mbio jioni. Nani atachota maji na kuingiza mbuzi? Nasikia pia mbio zinaharibu uzazi. Nimewakatalia. Nimekosea?

JIBU: Baba, hujakosea kuuliza nani atachota maji. Vijana waliokuja kwako bila jibu la swali hilo walikuja mikono mitupu, na tunawaambia hivyo wao wakisoma hapa: kabla ya kumwomba mzazi saa mbili za mtoto, jueni saa hizo zilikuwa zinafanya kazi gani.

Hesabu yenyewe ni ndogo. Ni jioni mbili kwa wiki. Kama ana kaka, jioni hizo mbili mbuzi ni wa kaka. Kama hana, maji ya Jumanne yachotwe Jumatatu, na vijana wanaojitolea wamlete nyumbani kabla ya saa 12:00. Mpe mwezi mmoja wa majaribio, uangalie daftari zake za shule kabla na baada. Masomo yakishuka, una neno la kuwaambia.

Kuhusu uzazi, hilo halina ukweli. Faith Kipyegon wa Kenya alishinda dhahabu ya Olimpiki ya mita 1500 mwaka 2016, akajifungua mwaka 2018, akarudi kuichukua tena mwaka 2021 na 2024. Wala wanawake kushindana si jambo geni kwetu Tanzania. Theresia Dismas alituletea medali ya fedha ya kurusha mkuki kutoka Michezo ya Afrika ya Brazzaville mwaka 1965, na Magdalena Shauri alishika nafasi ya tatu marathoni ya Berlin mwaka 2023 kwa saa 2:18:41. Lakini asikudanganye mtu kwamba binti yako atakuletea fedha. Wanaofika huko ni wachache mno, na mzazi aliyeahidiwa fedha humtoa mtoto mara tu fedha isipoonekana. Unachoweza kutarajia ni mtoto mwenye afya, anayejua kupanga muda wake, na mwenye watu wazima kadhaa wanaoijua njia ya kwao.

Tena tunakuomba, Jumanne moja njoo ushike saa. Vijana hupungukiwa mtu mtulivu wa kupima muda, na simu yoyote yenye saa ya kupimia mbio inatosha. Simama usawa wa mstari wa kumalizia. Anza kuhesabu ukiona mkono wa mwanzishaji unashuka, usisubiri sauti: kwa mita 100 sauti hukufikia ikiwa imechelewa takribani sekunde 0.3, na mtoto ataandikiwa mbio asizo nazo. Simamisha kifua kinapofika mstarini, si kichwa wala mguu. Muda uliopimwa kwa mkono huandikwa kwa kupandisha: sekunde 14.23 zinakuwa 14.3.

Na ninyi vijana, mkigundua kwamba kinachomzuia binti ni posa, hapo hakuna kubembelezana. Tangu marekebisho ya Sheria ya Elimu ya mwaka 2016, kumuoa mwanafunzi wa msingi au sekondari ni kosa lenye kifungo cha miaka 30. Nendeni kwa afisa ustawi wa jamii siku hiyohiyo.

SWALI: Tuna uwanja wa mpira wa mita 100 kwa 60, hauna njia za kukimbilia. Wasichana wanakimbia kuzunguka magoli na hatujui ni umbali gani. Tunaweza kuchora wenyewe? Vijana wa Majengo, Moshi.

JIBU: Mnaweza, kwa asubuhi moja na watu wanne. Choreni duara refu la mita 200 lenye njia 4, litaingia kwenye uwanja huo na nafasi itabaki. Mnahitaji tepu ya mita 50, vigingi 12, waya wa kufungia nondo wa mita 25, na chokaa iliyozimwa. Msitumie kamba ya nailoni kuchorea kona. Inavutika, na sentimita 20 za kuvutika zinawaongezea zaidi ya mita moja kwa mzunguko.

Pigeni kigingi A na kigingi B katikati ya uwanja, kwa urefu wake, mita 50 kutoka kimoja hadi kingine. Hivyo ndivyo vitovu vya kona mbili. Kateni waya wa mita 15.72, fungeni kwenye A, mchore nusu duara upande wa nje, kisha mfanye vivyo hivyo B. Ili kujua nusu duara inaanzia wapi, tengenezeni kona mraba kwa tepu: mita 6 kufuata mstari wa AB, mita 8 kwenda pembeni, na kati ya ncha hizo mbili lazima pawe mita 10 kamili. Unganisheni ncha za nusu duara kwa mistari miwili iliyonyooka ya mita 50. Mkimbiaji wa njia ya ndani, akikaa sentimita 20 kutoka kwenye mstari, anakimbia mita 200. Njia nyingine zichorwe kila mita 1.22 kwenda nje.

Panapokosewa sana ni kuwaanzisha wote mstari mmoja. Kwa mzunguko mzima ndani ya njia, wa pili aanze mita 7.67 mbele, wa tatu mita 15.33, wa nne mita 23.00, zikipimwa kufuata kona sentimita 20 nje ya mstari wa ndani wa njia husika. Chokaa imwagwe na mtu mzima, upepo ukiwa mgongoni, kwa sababu huunguza macho. Na kabla ya mazoezi ya kwanza, piteni mzunguko wote kwa miguu mkiokota vioo na kuziba mashimo.

SWALI: Ninajitolea kwenye kikundi kimoja hapa Moshi. Kocha mmoja wa kiume anawabeba wasichana kwa pikipiki yake mmoja mmoja, anawachua misuli akiwa nao peke yake, na anawaandikia ujumbe usiku. Sijaona zaidi ya hapo. Nikisema nitaonekana mchonganishi. Nifanye nini?

JIBU: Dada, ulichokiona kinatosha kusema. Usisubiri kuona zaidi, kwa kuwa hicho zaidi ndicho unachotakiwa kukizuia.

Andika leo: tarehe, saa, mahali, nani alikuwepo, ulichoona kwa macho yako, bila kuongeza maoni. Peleka kwa kiongozi wa kikundi na mkuu wa shule, na dai kanuni tatu zianze mara moja kwa makocha wote. Hakuna mtu mzima anayebaki peke yake na mtoto, iwe uwanjani, chumbani au kwenye chombo cha usafiri. Kuchua misuli wasichana wafundishwe kujichua wenyewe, kwa kiganja kutoka kifundo kwenda juu. Ujumbe wote upite kwenye kundi la wazazi. Kocha mwema hataona shida na kanuni hizi, zinamlinda hata yeye. Kiongozi akikupuuza, piga 116, namba ya bure ya huduma kwa mtoto, au nenda Dawati la Jinsia na Watoto kituo cha polisi.

Msichana akikueleza jambo, msikilize mpaka amalize, mwambie hana kosa, wala usimwahidi siri. Usimhoji mara mbilimbili. Andika maneno yake kama alivyoyasema. Kama ameingiliwa, hospitali kwanza, ndani ya saa 72, ili apate dawa za kuzuia VVU. Asioge, na nguo alizovaa ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Familia zikitaka kumalizana kwa vikao na faini, usishiriki. Mtoto ni aliye chini ya miaka 18, na jambo hilo ni la sheria.

SWALI: Shikamooni. Nasoma kidato cha pili, Kaloleni, Arusha. Mwalimu amesema kwenye mashindano nitatolewa kwa sababu nakimbia pekupeku na navaa hijabu na suruali ndefu. Ni kweli?

JIBU: Marahaba, mwanetu. Si kweli. Kanuni za riadha za dunia zinaruhusu kukimbia pekupeku, au na kiatu mguu mmoja au yote miwili. Kuhusu mavazi zinataka yawe safi, yasiyochukiza, na ya kitambaa kisichoonyesha mwili hata kikilowa. Hijabu na suruali hazijakatazwa. Mwombe mwalimu, kwa heshima, amuulize afisa michezo kabla ya siku ya mashindano, si asubuhi yenyewe mkiwa mmeshapanga foleni.

Hijabu chagua ya kitambaa kinachovutika, uichomeke ndani ya fulana ili isipeperuke, bila pini. Suruali iishie juu ya kifundo. Kama utakimbia pekupeku kwenye changarawe, zoeza nyayo kwenye nyasi wiki kadhaa kabla, na hakikisha umechanjwa pepopunda. Ukipata viatu vya mtumba, viweke mezani uvitazame kwa nyuma. Kisigino kilicholala upande mmoja kiache hata kama juu kinang'aa. Kikunje: kinatakiwa kukunjika kwenye vidole, si katikati. Na ukisimama, mbele ya kidole kirefu ibaki nafasi ya upana wa kidole gumba.